Nimepata nafasi ya tatu kwa hadithi ya upelelezi: sasa niandike "kitu kizito"?

Suali

"Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni msichana wa miaka 24, natokea Wete. Niliandika riwaya ya kusisimua kwa ajili ya vijana. Wanafunzi watatu wa dakhalia wanagundua kwamba kupotea kwa nahodha mmoja wa kijijini kwao kunahusiana na magendo ya karafuu. Mwaka juzi muswada ulipata nafasi ya tatu kwenye shindano, mchapishaji akautoa kitabu, na mhakiki mmoja gazetini akakisifu, akasema taharuki yake haimwachii msomaji nafasi ya kupumua. Nikadhani nimefika. Zilichapwa nakala 500, mpaka leo zimeuzwa 140, na nyingi katika hizo nimezibeba mwenyewe begani. Mwalimu aliyenisomesha Kiswahili kidato cha nne ananiambia upelelezi ni burudani, si fasihi, ndiyo maana sikupata ya kwanza. Niandike kitu kizito. Na wiki iliyopita nimeletewa baruapepe kwamba nimeteuliwa kuwania tuzo ya kimataifa, nilipe dola 120 za usajili na medali. Mama yuko tayari kunipa fedha za mavuno yake ya karafuu. Je, nilipe? Na riwaya ya pili niandike ya taharuki, au niandike ya kushinda?"

Jibu

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Kabla ya lolote, mwambie mama fedha zake azirudishe sandukuni. Baruapepe ile nitaifikia, lakini sikutaka usome jibu zima huku moyo unakwenda mbio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile sura tatu za mwanzo ulizonipigia picha nimezisoma mara tatu. Umeuliza mambo mawili, ila mimi nimesikia na la tatu ambalo hukulitamka: ikiwa mhakiki amesema kweli na majaji wamesema kweli, mbona kitabu kimelala? Au kuna mtu kanidanganya hapa? Hakuna, mwanangu. Kila mmoja alijibu suali lake, na masuali yenyewe hayakuwa mamoja.

Tuanze na majaji, maana nimekaa kwenye majopo mara kadhaa na najua kinachopita baina ya chai na sambusa. Miswada hufika kwa rundo. Kwanza kuna mchujo: wasomaji wachache wanapunguza rundo mpaka libaki la kusomeka, na hapo muswada wenye makosa ya tahajia katika ukurasa wa kwanza huanguka kabla hadithi haijaanza. Kisha majaji, aghlabu watatu, husoma kila mtu kwake na kujaza karatasi ya alama: lugha, msuko, wahusika, dhamira, upya wa kazi. Mwisho wanakutana, wanajumlisha, wanabishana kidogo.

Sasa tazama hesabu inavyofanya kazi. Tuseme riwaya yako imepata 90 kwa jaji wa kwanza, 88 kwa wa pili, na 55 kwa wa tatu asiyependa hadithi za kufukuzana usiku. Jumla 233. Riwaya nyengine, ya upole, imepata 80, 79 na 78. Jumla 237. Imeshinda, na wala hakuna jaji hata mmoja aliyeiweka juu ya yako isipokuwa yule mmoja. Wastani humpendelea asiyemuudhi mtu. Hadithi ya taharuki kwa maumbile yake huwagawa watu: ama imekushika, ama imekupita. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwako, sikuwepo kwenye jopo lile. Ninachokwambia ni kwamba nafasi ya tatu inaweza kuwa na maana kumi, na "kitabu chako ni cha tatu kwa ubora" ni moja tu katika hizo.

Nenda kwenye taarab yoyote, Unguja au hapo Chake, utazame watu wanavyotunza. Bibi anainuka katikati ya ubeti, anacheza taratibu mpaka mbele, anampa mwimbaji noti. Hajamtunza kwa kuwa sauti yake inazishinda zote. Amemtunza kwa kuwa mshororo ule, usiku ule, umemsemea yeye, au umemsema jirani yake. Tuzo za vitabu zina makaratasi mengi zaidi, lakini ni ukoo mmoja na noti ile. Mimi mwenyewe niliwahi kuipa alama ndogo sana riwaya moja ya vijana, nikaandika pembeni "haina uzito". Miaka ikapita, nikamkuta mtoto wa dada yangu ameikumbatia nakala ya fotokopi ya kitabu hichohicho, jalada halipo, anakisoma kwa zamu na wenziwe. Niliona haya, na sikumwambia.

Ama mwalimu wako, nampa heshima yake, lakini historia ya visiwa hivi inamkatalia. Katika shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki la zama za ukoloni, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Kitabu kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikatoka 1960: mauaji, mahali watu wanapopaogopa, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake akikataa kuamini kwamba shetani ndiye aliyeua. Yaani riwaya ya Kiswahili ya zama zetu hapa Unguja iliingia mlangoni ikiwa imevaa koti la mpelelezi, na ikaingia kwa tuzo. Mtu anayesema upelelezi si fasihi akiwa amesimama Zanzibar, amesimama juu ya kaburi la hoja yake mwenyewe.

Na si mambo ya kale tu. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilipotolewa mara ya kwanza, 2015, mmoja wa washindi upande wa riwaya alikuwa Enock Maregesi, kwa kitabu cha majasusi na magenge ya dawa za kulevya. Mwaka huohuo ushairi ulimpa ushindi Mohammed Ghassani, Mpemba mwenzako. Huko Marekani chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi kinatoa tuzo ya Edgar, na tangu 1989 kina fungu maalumu la vitabu vya vijana. Mwaka 2022 fungu hilo lilichukuliwa na Angeline Boulley kwa riwaya yake ya kwanza, kuhusu msichana wa miaka 18 wa jamii ya Ojibwe anayefuatilia dawa za kulevya zinazoua watu wake. Riwaya hiyohiyo, mwaka huohuo, ikapata pia tuzo ya Printz, ambayo hutolewa kwa ubora wa kifasihi. Taharuki na uzito vimekaa jamvi moja na hakuna aliyemsukuma mwenziwe.

Hata hivyo, nusu ya maneno ya mwalimu wako ichukue. Hadithi nyingi za kusisimua zinazopita mikononi mwangu ni mbovu, na ubovu wake ni wa aina moja: mwandishi ana haraka ya kufika kwenye tukio linalofuata, basi watu wanakuwa mbao na lugha inakuwa ya ripoti ya polisi. Kwako nimeona kidogo. Nahodha anapotea katika sura ya kwanza, na mpaka mwisho wa sura ya tatu hakuna aliyelia. Mkewe anatajwa mara moja, anampa mpelelezi chai! Mtu akipotea baharini Pemba, kijiji kizima hakilali. Wanawake wanajaa uani, wanaume wanakwenda pwani na tochi hata kama wanajua hakuna cha kuonwa. Ukiiandika hofu hiyo kurasa mbili tu, taharuki haipungui, inapata mzizi. Msomaji wa miaka 15 atataka nahodha apatikane kwa sababu amemwona binti yake akikataa kula.

Tena kuna hili la dhamira. Majaji wengi hutafuta dhamira mahali wanapopazoea: mhusika mzee anakaa chini ya mwembe na kuisema. Katika riwaya ya taharuki dhamira hujificha ndani ya suali la nani kafanya na kwa nini. Kitabu chako kina suali zito kuliko unavyojua. Kwa sheria, karafuu ya Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na anayeipeleka kwengine anafanya magendo. Sasa kwa nini mtu mwenye mikarafuu yake, aliyepanda babu yake, aitoe usiku kama mwizi? Pemba hakuna baraza ambayo haijalijadili jambo hilo mpaka kahawa ikapoa. Usimpe mhusika hotuba. Mpe mmoja wa wale wanafunzi watatu baba ambaye amewahi kulala na deni wakati gunia liko chumbani, uone kama kuna jaji atakayesema hamna dhamira.

Nije kwenye kitu kilichonifanya nisome sura ya pili mara ya tatu. Unasema usiku aliopotea nahodha mwezi ulikuwa mpevu, na yule mwenye duka anawaambia wanafunzi kwamba alimwona kwa macho yake akiing'oa boti saa nne za usiku na kuondoka. Mwanangu, mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, na saa nne yamekupwa mpaka huko mbali. Saa nne ya usiku ule boti imekaa kwenye tope, na hakuna nahodha anayeiondoa isipokuwa aibebe kichwani.

Ama umekosea, ama umeweka dalili bora kabisa niliyoiona katika muswada wa kijana kwa miaka mingi. Kwa sababu kama umeikusudia, basi mwenye duka amesema uongo mbele ya kila msomaji, mchana kweupe, na msomaji amepita. Huo ndio ufundi wenyewe wa kazi hii: kumpa msomaji ukweli wote mkononi na bado asiuone mpaka utakapo wewe. Mhakiki wa gazeti hawezi kuusifu, kwa sababu akiusifu ameharibu hadithi, ndiyo maana uhakiki wa vitabu hivi huishia kwenye maneno kama "haimwachii msomaji nafasi ya kupumua", ambayo yangeweza kusemwa juu ya kitabu chochote chenye mbio. Jaji aliyekulia mbali na bahari naye hatauona. Mtoto wa mvuvi wa Wete atauona, atamtikisa mwenziwe aliyelala kitanda cha pili, na watabishana mpaka mlinzi wa dakhalia awagongee dirisha.

Na hapo ndipo nakala zako 360 zilizobaki zinapoingia. Tuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huo msemo haukutungiwa vitabu, hasa vitabu vya vijana. Msomaji wako wa miaka 14 hana fedha. Anayenunua ni mzazi, na mzazi hununua kilichoandikwa kwenye orodha ya skuli. Kitabu kisichokuwa kwenye orodha hutegemea duka, na maduka ya vitabu Pemba unayajua mwenyewe. Tuzo haiwezi kuutatua mkwamo huo isipokuwa imekuja na njia ya kukifikisha kitabu. Ilikuwepo tuzo ya Burt, ya Wakanada, iliyokuwa ikitolewa Tanzania kwa vitabu vya vijana vya Kiingereza. Nguvu yake haikuwa hundi ya mwandishi tu, bali nakala zilinunuliwa na kugaiwa maskulini na maktaba. Imeshafungwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa Aprili 2023, nayo ina sura hiyo: mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, lakini kwangu mimi kikubwa zaidi ni kwamba Serikali hugharimia kuchapishwa kwa kazi.

Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeandika kwa Kiingereza, ambaye siku hizi kila mtu Unguja ni jamaa yake, yalimkuta hayo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akaingia orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, 1994, Nobel ikaja 2021. Ilipotangazwa tulishangilia wengi na tulikuwa tumesoma wachache. Tafsiri ya Kiswahili ya *Paradise*, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, na hapo ndipo nilipoanza kusikia watu wakibishana juu ya wahusika badala ya kubishana juu ya pasipoti ya mwandishi. Sifa ilitangulia, kitabu kikafuata baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo, uandike ya kushinda? Inawezekana, sitakuficha. Watu wapo wanaosoma kazi zilizoshinda, wakapima urefu, mada, hata aina ya mwisho, wakatunga za kufanana, na wengine wamepata. Lakini majopo hubadilika kila mwaka. Utatumia miaka miwili kuwaandikia watu watatu usiowajua, na wakija wengine umebaki na kitabu ambacho hata wewe hukukipenda. Ungekuwa na njaa ya mada nzito kwa dhati yako ningekwambia nenda. Katika barua yako sikuiona; nimeona mtu aliyeumizwa na neno la mwalimu anayempenda.

Rai yangu: andika taharuki, ila iandike taratibu zaidi. Na safari hii badilisha mpangilio. Muswada wa pili usimpe mchapishaji kwanza. Tuzo nyingi, ile ya Mwalimu Nyerere ikiwemo, hupokea miswada, na kitabu kikishatoka mlango huo umefungwa. Soma kanuni za mwaka unaoombea, neno kwa neno: kima cha maneno, umri, fungu gani, na hasa kifungu kinachosema ukishinda haki ya kuchapisha ni ya nani. Ya Edgar na mfano wake waachie kwanza. Ni ya vitabu vilivyochapishwa Marekani.

Sasa baruapepe. Hukuomba, umeteuliwa. Hakuna jina la jaji hata mmoja. Kuna siku ya mwisho, na ni ya karibu. Na medali unainunua mwenyewe. Mwanangu, hiyo si tuzo, hilo ni duka la medali. Nikiwa muadilifu niseme pia kwamba ada ya kuingilia shindano si kila mara utapeli. Tuzo za heshima zipo ambazo wachapishaji hulipa kitu wanapowasilisha vitabu. Tofauti iko kwenye mpangilio: anayetaka fedha kabla ya kusoma, hadharani, kwa kila mtu, huyo ana kanuni. Anayekwambia umeshachaguliwa kisha anataka fedha, huyo amekuchagua kwa kuwa una anwani. Usimjibu hata kwa kumtukana, maana jibu lolote humwonyesha kwamba kuna mtu.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kukusaidia. Chukua mkataba wako wa kitabu cha kwanza, uende nao kwa msimamizi wa hakimiliki, COSOZA, au kwa wakili, uketi naye uso kwa uso. Muulize mrabaha wako ni kiasi gani na unalipwa lini, haki ya filamu na tafsiri iko kwa nani, mkataba unakwisha lini, na zile nakala 360 unaweza kuzinunua kwa bei ya mwandishi au la. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, nenda haraka zaidi. Na kama katika hadithi yako yumo mtu ambaye kijiji chenu kitamtambua, mwenye duka yule kwa mfano, mwambie wakili na hilo pia.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu wa skuli moja yenye dakhalia, kwa ruhusa ya afisi ya elimu ya wilaya, uombe saa moja ya Alkhamisi jioni. Usipeleke hotuba ya mwandishi aliyeshinda tuzo. Wasomee sura ya pili kwa sauti, kalamu mkononi, na utazame macho yao, si karatasi. Pale wanapoanza kuchezea vifungo vya shati, tia alama. Pale wanaponyamaza, tia alama nyengine. Usiwaulize kama wamependa, kwa adabu yao watasema wamependa. Waulize wanadhani nani anasema uongo.

Nakala ya 141 niwekee mimi, nitamtuma mtu aipokee bandarini Wete na fedha yake kamili. Sitaki unipe bure. Na usinieleze mwisho wake, ila hili moja niandikie mapema, maana limeninyima usingizi: ile saa nne ya bamvua, uliikusudia?